Kwa Nini Kiarabu Fasaha Hakina P Wala G

Katika barua za wasomaji wetu hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: kwa nini mtu aliyekulia Uarabuni aghalabu hutamka b pale penye p, na karibu kila aulizaye amekwisha kujijibu kwamba ulimi wa mtu huyo ni mzito, dhana isiyo na asili hata chembe, maana p ni kazi ya midomo, na mwana wa Mwarabu huyo huyo akilelewa Mombasa huitamka sawasawa na wenzake.

Mapengo ya p na g katika Kiarabu fasaha hayakutokea kwa nasibu. Ili nyuzi za sauti zilizo katika zoloto zitikisike, sharti hewa ipande kutoka mapafuni ipite kati yake. Walakini msemaji anapoziba njia ili atamke b, d au g, hewa hujikusanya nyuma ya kizuizi, na msukumo wake humo ukilingana na ule wa chini ya nyuzi, mkondo husimama na mtikisiko hukoma. Katika b kizuizi kiko midomoni, kwa hiyo kinywa kizima ni ghala ya hewa, na mashavu nayo hutanuka. Katika g kizuizi kiko nyuma kabisa, nafasi ni finyu mno, nayo hujaa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana, kama alivyoeleza John Ohala wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, lugha ikikosa mojawapo ya sauti hizo tatu, aghalabu ni g, kama ilivyo katika Kithai, Kiholanzi na Kicheki. Na katika Kiarabu g ya kale imekuwa j, ijapokuwa watu wa Cairo hutamka g. Sisi waneni wa Kiswahili hutusaidia zoloto, ambalo hushuka kidogo tunapotamka sauti hizo, na chumba cha hewa kikapanuka.

P nayo ina udhaifu wake: hewa hupasukia nje ya midomo, pasipo na uwazi wa kuivumisha, kishindo kikawa hafifu, na kwa kupita karne nyingi Kiarabu kikaigeuza f, ilhali Kiebrania, nduguye, kimeihifadhi.

Na kwa kuwa dhana ya ulimi mzito haina asili, mtoto aliyechelewa kusema apelekwe hospitali, apimwe masikio kwanza. Asipelekwe kwa hao walaghai wanaokata kimeo kwa wembe na kudai wamefungua ulimi, kwani kimeo hakitengenezi p wala g, na mtoto aliyeingia kwao mzima huweza kutokwa na damu au kupata pepopunda akafa, nao wamekwisha kupokea fedha za mzazi wake.