Kitabu cha Picha kwa Mtoto Mdogo: Si Lazima Mzazi Ajue Kusoma



Mama anapomleta mtoto kliniki huuliza kwanza juu ya uzito. Je, ameongezeka? Huuliza pia juu ya chanjo na juu ya uji. Maswali hayo ni mazuri, na tunaomba myaulize daima. Lakini ni wazazi wachache wanaotuuliza: "Mtoto wangu wa umri huu anapaswa kusema maneno mangapi?" Uzito una mizani yake, nao huandikwa kwenye kadi. Maneno hayana mizani, kwa hiyo husahauliwa mpaka mtoto anapofika darasa la kwanza na mwalimu kumwita mzazi.

Katika toleo hili tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho huenda hamkutegemea kukikuta katika ukurasa wa afya, yaani kitabu cha picha kwa mtoto ambaye bado hajaanza shule.

Katika nyumba nyingi kitabu huhesabiwa kuwa mali ya shule. Mtoto wa mwaka 1 akikishika hunyang'anywa: "Weka, utakichana!" Kisha kitabu hufungiwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja. Mtoto hujifunza mapema kwamba kitabu ni kitu cha kuogopwa. Miaka 6 baadaye tunamtaka akipende. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Kwa nini wauguzi wazungumzie vitabu?

Ubongo wa mtoto hukua kwa haraka sana katika miaka ya mwanzo. Anapofikisha miaka 3 ubongo wake huwa umeshapita robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ili ukue vizuri unahitaji chakula bora na kukingwa na magonjwa. Lakini unahitaji pia kusemeshwa, kuchekeshwa, kubebwa na kuonyeshwa vitu. Mtoto anayelishwa vizuri lakini hasemeshwi hukosa sehemu ya malezi yake.

Jambo hili tunaliona wazi katika wodi ya watoto. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huletwa akiwa kimya. Hachezi, hatabasamu, hata akionyeshwa kitu hageuki. Shirika la Afya Duniani limepanga hatua 10 za kumtibu mtoto wa namna hiyo, na hatua ya 9 ni kumchangamsha: apendwe, asemeshwe, na achezeshwe kwa utaratibu dakika 15 hadi 30 kila siku. Hatua hiyo ni sehemu ya matibabu kama yalivyo maziwa ya tiba na dawa. Hapo ndipo picha hutusaidia sana. Tunampa mama picha ya kuku na picha ya embe, tunamwomba ampakate mtoto na kumwambia majina yake. Siku za kwanza mtoto hatazami. Siku moja hunyoosha kidole na kugusa kuku. Sisi wauguzi hufurahia kidole hicho kama tunavyofurahia gramu zilizoongezeka kwenye mizani.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 1989, katika hospitali ya jiji la Boston huko Marekani, madaktari wa watoto walianza kuwapa wazazi kitabu cha mtoto kila waliporudi kliniki, pamoja na ushauri wa kukitumia. Mpango huo, uitwao Reach Out and Read, ulienea katika nchi hiyo. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikaelekeza kwamba wazazi washauriwe kuwasomea watoto tangu uchanga. Hapa kwetu, tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya watoto. Tunaye pia mchoraji wetu John Kilaka, ambaye wanyama wake waliovaa nguo, kwa rangi kali za mtindo wa Tingatinga, wamewafurahisha watoto hata nchi za mbali.

"Lakini mimi sikusoma"

Hili ndilo neno tunalolisikia mara nyingi kutoka kwa akina mama, na bibi wanaolea wajukuu. Tunapenda kulijibu kwa uwazi. Kitabu cha picha hakimtaki mzazi ajue kusoma. Kinamtaka awe na macho, mdomo na dakika 10. Mtoto wa miaka 2 hajui kwamba chini ya picha kuna maandishi. Anachojua ni sauti ya mama yake, joto la mapaja yake, na huyu mbuzi mwenye ndevu aliye mbele yake.

Bibi asiyejua herufi hata moja, lakini anayejua hadithi za Sungura na Fisi, anaweza kumfundisha mtoto maneno mengi zaidi kuliko mzazi mwenye diploma anayesoma mistari haraka haraka ili amalize. Tazama picha, sema unachokiona, tunga hadithi yako. Kesho ukiibadilisha, mtoto atakurekebisha mwenyewe.

Tumia lugha ya nyumbani kwenu. Ikiwa mnasema Kisukuma, Kichaga au Kihaya, picha ya ng'ombe haina lugha. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama hujifunza Kiswahili bila shida, na lugha nyingine baadaye.

Kila umri na namna yake

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6: Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama kutoka titi hadi uso wa mama. Mwonyeshe picha kubwa, chache, zenye rangi zinazoachana kama nyeusi na nyeupe. Sema naye polepole.

Miezi 6 hadi 12: Atashika kitabu na kukitia mdomoni. Huo si utundu, ndiyo njia yake ya kukijua. Mpe kitabu cha kurasa ngumu au cha kitambaa, na ukifute kwa kitambaa chenye unyevu. Mtajie jina la picha moja moja.

Mwaka 1 hadi 2: Ataanza kufungua kurasa, mara nyingine tatu kwa pamoja. Muulize: "Kuku yuko wapi?" Ngoja anyooshe kidole. Ukaribiapo mwaka wa 2 atataja majina mwenyewe.

Miaka 2 hadi 3: Sasa muulize juu ya matendo. Anafanya nini? Analia kwa nini? Atataka kitabu kile kile kila siku. Usichoke, maana kurudia ndiko kujifunza.

Miaka 3 hadi 5: Mwache akusimulie wewe. Muulize: "Unadhani nini kitatokea?" Unganisha picha na maisha yenu: "Huyu amebeba ndoo kama dada alivyobeba jana."

Jinsi ya kuzungumza

Wazazi wengi huonyesha picha, hutaja jina, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Hiyo ni mwanzo tu. Faida kubwa ipo katika mazungumzo ya kupokezana. Tazama mfano huu:

Mama: Hiki ni nini?
Mtoto: Kuku.
Mama: Ndiyo, kuku. Kuku mwekundu. Anafanya nini?
Mtoto: Anakula.
Mama: Kuku mwekundu anakula mtama. Na sisi jana tuliwapa kuku nini?

Mama ameuliza, amengoja, amelipokea neno la mtoto, kisha ameliongeza. Neno 1 la mtoto limekuwa sentensi nzima. Mtoto akikosea, akamwita mbuzi "mbwa", usimcheke wala kumgombeza. Sema tu, "Anafanana na mbwa. Huyu ni mbuzi, tazama pembe zake." Akichoka, funga kitabu. Dakika 5 za furaha ni bora kuliko nusu saa ya kulazimishwa.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba aliyetoka shambani au kazini, akimpakata mtoto mkekani kabla ya chakula, hatapungukiwa na heshima. Kaka na dada wanaosoma shule ya msingi nao waitwe. Wao watajizoeza kusoma kwa sauti, na mdogo wao atafaidika.

Kitabu bila fedha

Tunajua vitabu vina bei na maduka yake yako mbali. Basi tengenezeni chenu wenyewe.

1. Kusanya picha: kalenda ya mwaka uliopita, magazeti ya zamani, makasha ya majani ya chai na sabuni. Usitumie kamwe makasha ya dawa za mifugo, dawa za mimea au sumu ya panya.

2. Kata boksi vipande 6 au 8 vilivyo sawa.

3. Bandika kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kwa maji. Acha ikauke kabisa juani.

4. Toboa matundu pembeni na kushona kwa uzi imara. Usitumie pini wala waya, kwani mtoto anaweza kuvimeza au kuchomwa.

5. Fundi cherehani wa jirani anaweza kukushonea kitabu cha mabaki ya kanga na vitenge. Hicho hufuliwa na hakichaniki.

Mwenye simu janja anaweza kupata hadithi za bure zenye picha, hata za Kiswahili, za mpango uitwao African Storybook, na kuzichapisha. Jumuiya ndogo ndogo nazo zinaweza kuwa na kapu moja la vitabu linalozunguka nyumba hadi nyumba.

Picha humpima mtoto

Sasa tunakuja kwenye jambo kubwa. Mzazi anayekaa na mtoto wake na kitabu kila siku huwa wa kwanza kutambua kasoro ambayo sisi kliniki, kwa dakika chache tulizo nazo, tunaweza tusiione. Mlete mtoto hospitali ukiona haya:

- Mboni ya jicho inang'aa nyeupe, au ni ya kijivu. Usingoje hata wiki moja. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye huwapata hata watoto wachanga, au saratani ya jicho. Ikiwahiwa, maisha huokolewa, na mara nyingi hata uwezo wa kuona.
- Anasogeza picha karibu sana na uso, anainamisha kichwa upande mmoja ili aone, au ana makengeza baada ya miezi 4.
- Hageuki unapomwita au unapotaja picha anayoipenda, hasa kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au masikio yake hutoa usaha.
- Ana miezi 18 na hasemi neno lolote, au ana miaka 2 na haunganishi maneno 2 kama "mama njoo".
- Alikuwa akisema, sasa ameacha.

Tunasikia mara nyingi: "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Huenda ni kweli. Lakini huenda mtoto hasikii, na kila mwezi unaopita ni mwezi wa maneno yaliyopotea. Kumpima hakudhuru. Kinachodhuru ni kumpeleka kukatwa kimeo. Kimeo hakizuii kusema, na kukikata huleta kutoka damu nyingi na vidonda vyenye usaha.

Maswali mnayotuuliza

Je, katuni za televisheni na simu hazitoshi? Hazitoshi. Katuni haimngoji mtoto ajibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazamishwe kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ipungue ikiwezekana. Mtoto anapokaa, ni bora asomewe au asimuliwe hadithi.

Akichana ukurasa nimpige? La hasha. Mwonyeshe jinsi ya kufungua, kisha ubandikeni pamoja.

Nimechelewa, wangu ana miaka 4. Hukuchelewa. Anza leo jioni.

Mtoto wako anapokuja kwa chanjo ya surua na rubella, ya miezi 9 na ile ya miezi 18, mletee kitabu chake katika kikapu. Foleni ni ndefu na watoto hulia. Keti naye kwenye benchi, mfungulie, muulize kuku yuko wapi. Watoto wa jirani watasogea kutazama, na mama zao watakuuliza umekipata wapi. Waeleze jinsi ya kukitengeneza.