Bandiko la Makaa na Mpaka Wake



Nchi ya juu ya Ufipa ina baridi ambayo watu wa pwani hawaijui. Mji wa Sumbawanga umekaa yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo miezi ya Juni na Julai upepo wake huingia mpaka mifupani. Mkulima hurudi shambani mgongo ukimuuma. Mama huamka vidole vimekakamaa. Mtoto aliyecheza majanini hujikuna usiku kucha. Hapo ndipo watu wengi hukumbuka dawa ya jikoni, yaani makaa yaliyosagwa, yakakorogwa kwa unga na maji ya majani, kisha yakabandikwa mahali panapouma. Na siku hizi vibandiko vya namna hii huuzwa tayari, vimefungwa vizuri, na baadhi ya wauzaji huvisifu kwamba vyanyonya kila sumu iliyomo mwilini. Basi yatupasa tuulize: bandiko hili lafaa nini, na mpaka wake ni upi?

Makaa si kitu kigeni kwa Wafipa. Kabla ya majembe ya dukani kuenea, mafundi wa nchi hii waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizomzidi mtu kimo, na chakula cha tanuru hizo kilikuwa makaa ya miti. Baadhi ya malungu hayo yangali yamesimama katika uwanda huo. Wataalamu wa nchi nyingine nao waliyachunguza makaa kwa njia yao. Katika mwaka 1785 Johann Tobias Lowitz, mkemia aliyefanya kazi Urusi, alitambua kwamba makaa huondoa rangi na uchafu katika vimiminika. Sababu ni kwamba kaa limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mambo mengi yanayoligusa hunasa humo. Makaa yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya tiba huongezewa vitundu hivyo; hospitali huwanywesha baadhi ya watu waliokula sumu, na vitambaa vyenye makaa hutumiwa kupunguza harufu ya vidonda.

Lakini tuzingatie neno hili: kaa hunasa kinacholigusa. Sumu iliyomo tumboni yaweza kuguswa na makaa yaliyomezwa. Iliyomo katika damu haiguswi na makaa yaliyo juu ya ngozi nzima. Kwa hiyo asemaye kwamba bandiko husafisha damu, au huvuta sumu ya nyoka, asema lisilo kweli. Nafuu tuipatayo kwa bandiko hutoka zaidi katika ubaridi au uvuguvugu wake, unyevu wake, na kule kukipumzisha kiungo. Nafuu hiyo si ya kudharauliwa, ila ni ndogo, na yafaa kwa maumivu madogo.

Atakaye kulitengeneza nyumbani na achukue makaa ya mti safi yaliyopoa kabisa. Yasiwe ya mbao zilizopakwa rangi, wala yasichanganyike na plastiki. Ayatwange na kuyachekecha kwa kitambaa, kisha achanganye na unga wa ulezi au wa mahindi kiasi hichohicho, akoroge kwa maji yaliyochemshwa na majani ya nanaa yakapoa, mpaka yawe kama uji mzito. Ayatie baina ya vitambaa viwili safi, ajaribu kwanza mahali padogo mkononi, kisha abandike kwa saa chache. Ngozi ikiwasha zaidi au ikibadilika rangi, libanduliwe na paoshwe kwa maji mengi. Tena asidhani kwamba majivu ni badala ya makaa: majivu yakilowana yana ukali wa magadi, na huichoma ngozi laini.

Sasa twafika penye hatari. Bandiko hili lisiwekwe juu ya jeraha lililo wazi, kwani unga wa makaa ukiingia chini ya ngozi huacha alama nyeusi isiyotoka, na uchafu huzaa usaha. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe makaa, wala majivu, wala samadi: hiyo ni njia ya pepopunda, ugonjwa unaoua watoto wachanga. Mtu asichanjwe chale kwa wembe uliokwisha kumchanja mwingine. Aliyeumwa na nyoka, mwenye homa na uvimbe unaoenea, na mwenye maumivu yasiyopungua baada ya siku mbili tatu, wapelekwe hospitali bila kukawia. Saa ipoteayo kwa kungoja bandiko haipatikani tena.

Pengine mtu atasema, "Je, majivu hayakutumiwa zama za Mtume?" Naam. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipojeruhiwa usoni, Bibi Fatima aliliosha jeraha kwa maji aliyoyaleta Sayyidna Ali, alipoona damu yazidi, alichoma kipande cha mkeka na kubandika majivu yake, damu ikakoma. Tutazame adabu iliyomo: waliosha kwanza, wakatazama hali, wakatumia kilichokuwepo kwa haja iliyokuwepo. Hawakuacha lililo bora wakashika lililo duni. Leo bora ya jeraha ipo kwa tabibu, na kuifuata ni katika kufuata mwenendo huohuo, kwani Mtume wetu ametuamrisha tujitibu.

Husemwa kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Jina hilo ni waadhi tosha. Bandiko lisifungwe pamoja na hirizi, wala lisisomewe maneno yasiyofahamika. Tena atakaye mganga wa miti shamba na amtafute aliyesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwasimamia waganga hao.

Na wakati wa sala usisahauliwe. Makaa safi si najisi, bali bandiko huzuia maji yasifike kwenye ngozi; likiwa juu ya kiungo cha udhu nalo labanduka bila madhara, libanduliwe na kiungo kioshwe. Ama bandeji ya jeraha ambayo kuiondoa kwadhuru, hiyo ina hukumu yake, na aulizwe mwenye elimu.

Enyi vijana, msiwacheke wazee kwa makaa yao, nanyi wazee, msiwakasirikie vijana wanaposema, "Twende hospitali." Mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake, na dawa ni sababu aliyoiweka. Atuwafikishe kuitumia kila sababu mahali pake. Amin.