Kuuliza Si Utovu wa Adabu: Nasaha Juu ya Ulaghai wa Tiba kwa Wazee

Katika mwezi wa Juni mwaka 2023, wanahabari wa runinga nchini Kenya walifichua jambo lililowatia watu simanzi. Wazee wa vijijini, wengi wao wa upande wa Meru, ambao kwa miaka walikuwa wakiuguza magoti, waliitwa kwenye kambi za tiba ya bure, wakapakiwa magarini, wakapelekwa hospitali zilizo mbali na makwao. Na huko, kwa mujibu wa taarifa hizo, bima yao ya taifa ikadaiwa malipo ya upasuaji ambao baadhi yao hawakuuhitaji, na ambao wengine hawakujua hata kwamba umeandikwa kwa majina yao. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi. Susan Nakhumicha, alizisimamisha hospitali kadhaa na uchunguzi ukaanza. Lakini goti lililokwisha kupasuliwa halirudi uzima wake kwa barua ya waziri.

Sikuitaja habari hiyo ili kuwafedhehesha wazee wale, kwani hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliolelewa katika murua wa zamani, waliofunzwa tangu utotoni kwamba tabibu hahojiwi, na kwamba mtu akikuletea hisani mlangoni si stahi kumwuliza imetoka wapi. Laghai ameisoma tabia hiyo vizuri, akaifanya ndiyo njia yake ya kuingilia. Mzee akitaka kuuliza, haya humziba kinywa. Akiisha kulaghaiwa, haya hiyohiyo humzuia kuwaambia wanawe, na ukimya huo humpa dhalimu nafasi ya kubisha hodi kwa jirani. Kwa hiyo yote nitakayoyaeleza hapa yana shina moja: kuuliza si utovu wa adabu.

Tuanze na mlango wa kwanza wa laghai, yaani bima. Bima ya afya ni amana ya watu wote: kila mwanachama huweka fungu lake, na hospitali ikishamtibu mgonjwa hupeleka hisabu ya kazi iliyofanya, ikalipwa na mfuko. Mfuko wenyewe haukuwapo chumbani mwa daktari. Haukuona sindano ikidungwa wala picha ikipigwa. Huona karatasi tu, na chini yake saini au alama ya kidole cha mgonjwa. Ndiyo maana kidole cha mzee kina thamani ya fedha. Laghai humwambia, "Weka kidole hapa, bibi, ni kuandikishwa tu," kisha kwa kidole kile hudai malipo ya vipimo visivyopimwa, dawa zisizotolewa, na siku za kulazwa ambazo bibi alizilala kitandani pake nyumbani. Hasara haiishii kwa mfuko, kwani bima nyingi huweka kikomo cha huduma kwa mwaka, na siku maradhi ya kweli yatakapofika huenda mgonjwa akaambiwa kwamba fungu lake limekwisha. Fauka ya hayo, jalada lake litabaki na maradhi asiyokuwa nayo, na tabibu mwingine atakayelisoma aweza kumtibu kwa kuufuata uongo ule.

Na kila taratibu zinapobadilika, kama Kenya ilipouacha mfuko wake wa bima ya taifa, NHIF, mwezi Oktoba 2024 na kuingia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, hapo mzee azidi kujihadhari na kila ajitiaye wakala wa kuandikisha watu kwa ada. Kadhalika Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiyejiweza miongoni mwao ana msamaha wa gharama za matibabu. Haki hiyo haiuzwi njiani, na anayeiuza anauza asichokuwa nacho.

Mlango wa pili ni dawa, na hapa ndipo panaponiumiza zaidi, kwa kuwa panachukua uhai. Maradhi ya uzeeni, kama kisukari, shinikizo la damu na baridi yabisi, aghalabu hayang'oki; ni maradhi ya kukaa nayo na kuyatuliza kwa dawa za kila siku. Basi akija mtu na chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, akaahidi kumaliza yote kwa dozi moja, mgonjwa aliyechoka humwamini. Tena siku tatu hazipiti ila maumivu yametoweka, naye huwa shahidi mwaminifu wa laghai mtaani kote. Lakini wako wachanganyaji ambao, ndani ya unga wauitao wa mitishamba, hutia kwa siri dawa za hospitali za jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni na prednisoloni. Dawa hizo, zikitolewa na tabibu kwa kipimo, zina manufaa makubwa. Zikinywewa gizani, huondoa maumivu upesi na kuleta hamu ya chakula, huku zikipandisha sukari na shinikizo, zikidhoofisha mifupa, na kuulaza mwili usitengeneze homoni zake, hata zikiachwa ghafla mgonjwa aweza kuanguka na kufa. Sisemi haya kwa kuwabeza waganga wa asili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake huwasajili waganga na dawa zao; mganga mwenye insafu haoni taabu kuonesha cheti chake.

Karibu na mlango huo yupo mwenye kibanda cha "kupima mwili mzima". Humshikisha mzee kijiti cha chuma kiganjani, kompyuta ikachapa kurasa za maradhi ya ini, figo na moyo, na papo hapo mpimaji akatoa kabatini virutubisho vya kuyatibu yote. Lakini sukari hupimwa kwa damu, figo kwa damu na mkojo, shinikizo kwa mkanda wa mkononi; kijiti cha kiganjani hakijui lolote katika hayo. Yeyote anayepima na kuuza kwa mkono mmoja, na kila ampimaye akamkuta mgonjwa wa dawa aliyonayo, huyo ni mchuuzi.

Mlango wa tatu ni simu: sauti ya mtu ajiitaye daktari, isemayo kwamba mwanao amepata ajali, yuko chumba cha upasuaji, na fedha zitumwe sasa hivi. Haraka hiyo ndiyo alama yake. Kata simu, kisha umpigie mwanao mwenyewe kwa namba uijuayo.

Na dawa ya hayo yote ni mazoea machache. Mzee asiende kutibiwa peke yake ikiwa yupo wa kumsindikiza. Awe na daftari, aandike au aandikiwe siku aliyotibiwa, alichofanyiwa na dawa alizopewa, ili hisabu ya bima ikija ailinganishe. Asitie saini wala kidole katika karatasi tupu au asiyosomewa. Namba ya siri aliyotumiwa katika simu asimpe mtu aliyempigia bila kutarajiwa. Asiache dawa za kliniki kwa ajili ya chupa mpya kabla ya kuionesha kwa mfamasia. Akiambiwa apasuliwe, na si jambo la dharura, aseme, "Nitarudi na wanangu," kwani tabibu wa kweli hachukizwi na maneno hayo. Na akiona ubaya apeleke habari: kwa mfuko wa bima kama ni hisabu, na kama ni dawa, kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) huko Tanzania au kwa Bodi ya Famasi na Sumu huko Kenya.

Na mazoea hayo yaweza kufundishwa: huko Marekani, tangu mwaka 1997, upo mpango wa serikali ambao wazee wa kujitolea huwafundisha wazee wenzao kuzisoma hisabu za bima yao na kuyagundua madai ya uongo. Mzee humsikiliza mzee mwenzake bila ya haya. Na sisi, wenye mabaraza, misikiti, makanisa na vyama vya kufa na kuzikana, hatukosi mahali pa kuyafanya hayo.

Neno la mwisho ni kwenu, wana na wajukuu. Siku mama yenu atakapokiri kwamba amelaghaiwa, msimkemee, wala msimsimulie kwa majirani kama kichekesho. Msitirini, mshukuruni kwa kusema, kisha fuataneni naye kwenda kushitaki. Akikemewa leo, kesho hatasema, na asiposema, yule laghai atarudi.