Ndoa Yavuka Mpaka, Karatasi Nazo?



Katika mashamba ya mkonge, viwanda vya sukari, vinu vya chai na bandari zetu, wako wenzetu wengi waliooa au kuolewa na raia wa nchi jirani. Mkenya aliyekwenda kufanya kazi Tanga amepata mke huko. Mtanzania aliyekuja Mombasa ameolewa na Mkenya. Mganda wa Jinja ana mume aliyezaliwa ng'ambo ya Busia. Ndoa hizi si jambo geni, wala si kosa.

Taabu huanza siku mkataba wa kazi unapokwisha na mtu akataka kurudi kwao pamoja na mwenzake. Kituoni mpakani afisa wa uhamiaji huuliza mambo mawili tu: huyu ni nani kwako, na karatasi yako iko wapi? Mfanyakazi aliyekuwa na miaka kumi ya ndoa na watoto watatu hujikuta hana la kujibu. Makala hii yaeleza mambo ambayo yafaa kila mmoja wetu ayajue kabla ya siku hiyo kufika.

YALIYOTUPATA ZAMANI

Wafanyakazi wa Afrika Mashariki hawakuanza jana kuoana. Wakati wa Jumuiya ya kwanza, mashirika ya Reli, Bandari na Posta yaliwahamisha watu kutoka Nairobi hadi Tabora, kutoka Mombasa hadi Kampala. Karani wa stesheni alikaa miaka mitano ugenini, akaoa huko, akazaa huko. Hakuona haja ya kuandikisha chochote, kwa kuwa kazi ilikuwa moja na mwajiri mmoja.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwaondosha wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa muda wa zaidi ya miaka sita, kumtembelea mkwe kukawa jambo la kuombea ruhusa. Mwaka 2013, katika oparesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali nchini Tanzania, ziko familia za mkoani Kagera na mikoa mingine zilizotengana, mume upande huu na mke upande wa Rwanda au Burundi.

Funzo ni moja. Serikali zikiwa na urafiki, hakuna anayeuliza cheti. Zikikosana, cheti ndicho kinga pekee. Basi kitafutwe wakati wa amani.

KWANZA NI CHETI CHA NDOA

Wengi wetu tumeoana kwa mila. Mahari imetolewa, wazee wamekula, watu wa kambi wote wanajua. Mbele ya jamii ndoa hiyo imekamilika. Mbele ya afisa wa uhamiaji bado.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ndoa mwaka 2014. Inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote hapana budi ziandikishwe. Walioana kwa mila wanatakiwa kumwarifu msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila.

Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo huwachukulia mume na mke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, nao wakajulikana hivyo kwa watu, kuwa wameoana. Wafanyakazi wengi huitegemea kanuni hiyo, lakini wasidanganyike. Hiyo ni dhana ya kisheria ambayo mtu mwingine aweza kuipinga mahakamani. Inafaa penye ugomvi wa mali au matunzo. Haikupi karatasi ya kuonyesha mpakani. Sheria hiyo hiyo huitambua ndoa iliyofungwa nchi nyingine, iwapo ilifungwa kihalali kule ilikofungwa. Kwa hiyo ukioa Voi, andikisha Voi. Ukiolewa Korogwe, andikisha Korogwe. Usingoje kufika kwenu.

Angalia pia majina. Kama kitambulisho chasema Juma Ali na cheti cha ndoa chasema Ali Juma, utatumwa kwa wakili kufanya hati ya kiapo, na hiyo ni siku ya kazi iliyopotea pamoja na ada yake.

UKIMCHUKUA MWENZI KWENYE KAZI YA UGENINI

Mkataba wa Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 10 chahusu wafanyakazi, nacho chasema waziwazi kwamba mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama ana haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake. Tena mwenzi huyo ana haki ya kuajiriwa au kujiajiri huko. Kazi za utumishi wa serikali hazimo, isipokuwa sheria ya nchi yenyewe imeruhusu.

Lakini haki hiyo ina taratibu zake. Raia wa nchi mwanachama akiingia kama mgeni hupewa pasi ya bure ya hadi miezi sita. Pasi hiyo ni ya kutembea, si ya kufanya kazi. Mfanyakazi aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa, na kibali cha kwanza chaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka miwili. Mwenzi naye, akitaka kazi, afuate njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mke amekuja kwa pasi ya mgeni, msimu wa chai umefika, mnyapara anahitaji mikono, mama naye anachukua kikapu. Anapokamatwa, mnyapara hayuko, na mwajiri husema hamjui. Mwanamke huyo amevunja sheria kwa ujira wa siku chache, na jina lake limekwisha kuingia kitabuni. Asishike kikapu kabla ya karatasi.

UKITAKA KUMLETA NYUMBANI

Hili ndilo swali kubwa la mfanyakazi anayeishi nje: mwenzangu atakaa kwetu kwa haki gani?

Kwa Kenya, mlango wa kwanza ni pasi ya mtegemezi chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Raia ndiye anayemwombea mwenzi wake na kujitwika dhamana yake. Mlango wa pili ni uraia wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 15, yasema kwamba mtu aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Sheria ya 2011 inadai ndoa iwe ya halali, isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata uraia tu, na wawili hao wawe wanaishi pamoja. Tazama vizuri, ndugu: Katiba imehesabu miaka ya ndoa. Aliyechelewa kuandikisha huwa na kazi kubwa ya kuthibitisha ndoa ilianza lini.

Kwa Uganda, Katiba ya 1995 haikubagua mume na mke. Mtu yeyote aliyeoana na raia aweza kuomba kusajiliwa baada ya ndoa kudumu miaka mitatu, au muda mwingine ambao Bunge litaweka.

Kwa Tanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa humo. Yeye hupita njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe mtu wa tabia njema. Tena Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Kenya inakubali. Anayetaka kubadili uraia na ajue anachokiacha kabla ya kutia sahihi.

MWANAMKE MFANYAKAZI ANA MUME MGENI

Tusipite haraka hapa. Kabla ya mwaka 2010, hata Kenya sheria ilikuwa hivyo hivyo. Mkenya mwanamume akimleta mke kutoka nje, mke alikuwa na haki ya kusajiliwa. Mkenya mwanamke akimleta mume, mume alikuwa mgeni kama mgeni mwingine. Waliotunga sheria walidhani mwanamke humfuata mume siku zote, na kwamba mwanamke hana mshahara wa kumtunza mtu. Leo nenda kwenye viwanda vya nguo na mashamba ya maua uone ni nani anayelisha nyumba. Mchango wa chama hukatwa sawasawa kwenye mshahara wa mwanamke na wa mwanamume. Haki nayo na iwe sawasawa.

Wenzetu wa kusini walilipeleka jambo hili mahakamani. Zimbabwe, mwaka 1994, Mahakama Kuu ya Rufani iliamua kwamba mwanamke raia ana haki ya kuishi nchini mwake pamoja na mume wake mgeni. Wanawake walishangilia. Mwaka 1996 Bunge likabadili Katiba ili kuuzima uamuzi huo, na njia waliyotumia ni ya ajabu: badala ya kuwapa waume wageni haki waliyokuwa nayo wake wageni, waliwanyang'anya wake wageni haki yao. Usawa ukapatikana kwa kuwanyima wote. Chama kinachodai usawa kikumbuke kusema ni usawa wa namna gani.

Afrika ya Kusini mambo yalikwenda vizuri zaidi. Huko mwenzi mgeni aliweza kulazimishwa kungojea kibali akiwa nje ya nchi, kama muda wake wa kukaa umekwisha na afisa amekataa kuuongeza. Katika kesi ya Dawood, Juni 2000, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba utaratibu ule unavunja utu wa watu, kwa kuwa kuishi pamoja ndiyo maana ya ndoa. Mwaka 2001 mahakama hiyo ikatoa uamuzi wa namna hiyo kuhusu kibali cha kazi cha mwenzi mgeni.

Na wale wanaodhani Ulaya ni rahisi, wasikilize. Uingereza iliweka mwaka 2012 kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa anayetaka kumleta mwenzi wake, na Aprili 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000. Huko ndoa ya mfagiaji hupimwa kwa mizani ya mshahara wake.

WATOTO

Mtoto asiachwe nyuma ya mambo haya. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya ni raia, azaliwe Nairobi au Tanga. Tanzania nayo humtambua mtoto aliyezaliwa nje ikiwa baba au mama yake ni raia, mradi mzazi huyo asiwe naye alizaliwa nje na kupata uraia kwa kurithi. Mtoto mwenye nchi mbili kwa njia hii, akifika miaka 18, sheria ya Tanzania humtaka achague. Cheti cha kuzaliwa kiandikwe mapema, na majina ya wazazi wote wawili yawemo.

CHAMA KIFANYE NINI?

Kenya iliridhia Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979, na Uganda mwaka 1978. Kifungu cha 13 cha mkataba huo kinazungumzia kuwarahisishia wafanyakazi wahamiaji kuungana na familia zao. Kwa hiyo tunapodai jambo hili hatuombi hisani.

Kwanza, mkataba wa pamoja wa kazi uwe na kipengele cha ruhusa yenye malipo kwa mfanyakazi anayekwenda uhamiaji au kwa msajili wa ndoa. Pili, mwajiri alazimike kutoa barua ya kuthibitisha ajira bila kuzungusha watu, maana barua hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mwombaji ana uwezo wa kumtunza mwenzi wake. Tatu, kila tawi liwe na mtu mmoja anayezijua fomu hizi, ili wanachama wasitafute vishoka wa nje ya ofisi, wanaochukua fedha na kutoweka. Nne, vyama vya nchi zetu vipeleke pamoja, kwa njia ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika Mashariki lililoko Arusha, dai la kwamba mume mgeni na mke mgeni wawe na haki moja katika nchi zote za Jumuiya.

Nawe mwanachama usikae ukingojea chama. Jumamosi hii fungua sanduku. Tazama kama cheti cha ndoa kimo, vyeti vya watoto vimo, hati ya kusafiria haijaisha muda. Kilichopungua, kiandike kwenye kipande cha karatasi na umpelekee mwakilishi wako Jumatatu. Mkataba wa kazi ukiisha ghafla, hakutakuwa na wakati wa kukitafuta.