Ngano inapokuwa adui wa tumbo: jinsi ya kupika wafoli za mchele

Katika nyumba nyingi za mijini siku huanza kwa chai na kitafunio cha ngano: mkate, chapati, andazi au mahamri. Kwa walio wengi chakula hicho hakina madhara yoyote. Hata hivyo, wapo wenzetu ambao kila tonge la ngano huwaharibu utumbo polepole, na wengi wao hawajui kinachowasumbua. Hutibiwa minyoo, hutibiwa amiba, hutibiwa vidonda vya tumbo, na bado hawapati nafuu.

Maradhi hayo huitwa siliaki. Chanzo chake ni gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mgonjwa anapokula gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijidole vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubishi vya chakula. Vikishambuliwa, husinyaa na kulala bapa. Hapo mtu hula akashiba, lakini mwili wake ukabaki na njaa.

Dalili zake
Mtoto huharisha mara kwa mara, tumbo likafura na mikono na miguu ikakonda, naye asirefuke kama wenzake. Mtu mzima huenda akaharisha au akafunga choo, akajaa gesi, akachoka bila sababu au akapungukiwa na damu hata baada ya kumeza vidonge vya madini ya chuma. Baadhi ya wagonjwa hawasikii maumivu yoyote ya tumbo.

Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 duniani ana maradhi haya. Wala tusidhani kuwa ni ya Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, walikuwa nayo.

Aliyeitambua ngano kuwa chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameishuku tangu miaka ya 1930. Njaa kuu iliyoikumba nchi yake wakati wa vita, mwaka 1944 hadi 1945, ilipoufanya mkate kuadimika, shaka yake ilizidi kupata nguvu. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo.

Usijikataze kabla ya kupimwa
Watu wengi hukosea hapa. Wakishuku ngano, huiacha mara moja, kisha huenda hospitalini. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili wanaoamshwa na gluteni. Ukiiacha mapema, askari hao hupungua na majibu yakaonyesha kwamba huna ugonjwa. Endelea kula kama kawaida hadi daktari amalize. Huenda pia akaingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni ili kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa uchunguzi.

Ikithibitishwa kwamba una siliaki, hakuna dawa ya kuiponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Asiye na tatizo hili hana sababu ya kuikimbia ngano.

Kwa bahati njema, jiko letu limejaa vyakula visivyo na gluteni: mahindi, mchele, wimbi, mtama, muhogo, nduma, viazi, ndizi na maharagwe. Unga maalumu unaoletwa kutoka ng'ambo ni ghali, na si lazima kuununua.

Wafoli bila ngano
Wafoli ni ile mikate laini yenye vishimo vya mraba, iokwayo katikati ya vyuma viwili vya moto. Watoto huipenda sana, na mtoto aliyekatazwa mkate huona uchungu kuwatazama ndugu zake wakila.

Gluteni ndiyo gundi inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushika hewa. Ukiiondoa, ni vigumu kupata mkate mrefu ulioumuka. Wafoli hazina shida hiyo sana kwa sababu chuma ndicho kinachozipa umbo, na mayai hushika nafasi ya gundi. Akina mama wa Pwani wana ujuzi wa namna hii tangu zamani: vibibi na mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele ulioloweshwa na kusagwa kwa tui la nazi, bila ngano.

Mahitaji:
Unga laini wa mchele, vikombe 2
Unga wa muhogo, nusu kikombe
Hamira ya unga ya kuokea keki, vijiko 2 vya chai
Sukari, vijiko 2 vya mezani
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Mayai 2
Tui la nazi au maziwa, vikombe 2
Mafuta ya kupikia, vijiko 4 vya mezani
Hiliki kidogo iliyosagwa

Changanya vitu vikavu. Tenga ute wa mayai na viini. Koroga viini pamoja na tui na mafuta, kisha umimine ndani ya unga kidogo kidogo hadi upate uji mzito usio na madonge. Uache kwa dakika 20 ili unga wa mchele unywe maji; ukiharakisha, wafoli zitakuwa na chengachenga mdomoni. Piga ute hadi uwe povu jeupe, uuchanganye taratibu bila kuuponda.

Pasha chuma hadi kiwe moto sana, kipake mafuta, mimina na ufunike. Usikifungue mvuke ungali unatoka kwa wingi, la sivyo wafoli itapasuka. Dakika 5 hivi hutosha. Kama huna chuma hicho, tumia kikaango chenye kifuniko juu ya moto wa wastani. Ladha ni ile ile.

Mambo ya kuangalia
Mwenye siliaki hudhuriwa hata na chembe. Mashine ya kusagia mtaani iliyosaga ngano asubuhi itaacha mabaki yake katika mchele wako wa mchana. Ni afadhali uuchague mchele, uuoshe, uuanike na kuusaga nyumbani, kisha uuchekeche. Chuma kilichowahi kuoka wafoli za ngano hakifai, kwani makombo hujificha katika vile vishimo na kusafisha kote ni vigumu.

Soma pia maandishi kwenye pakiti. Baadhi ya hamira huchanganywa na wanga wa ngano, na unga wa uji uliochanganywa huenda ukawa na ngano au shayiri. Soseji, mchuzi wa soya na vinywaji vya kimea navyo vichunguzwe. Unga wa muhogo ununue kwa mtu unayemwamini, kwani muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu.

Mwisho, waarifu jamaa, yaya na walimu wa mtoto. Nusu andazi analopewa kwa huruma shuleni linatosha kuuumiza utumbo uliokuwa umeanza kupona.