Maji yaliyojificha mchangani

Mvua ikinyesha usiku kucha Bengamisa, kaskazini mwa Kisangani nchini Kongo, asubuhi lundo la mchanga kando ya barabara linaonekana lilelile la jana. Kumbe limekunywa maji, na maji hayo ndiyo yanayonikosesha usingizi kila tunapojiandaa kumwaga zege zito.

Mita moja ya ujazo ya zege, au beto kama tunavyosema huku, huhitaji takriban kilo 800 za mchanga na lita 170 hadi 180 za maji. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 tayari umebeba lita 40. Usipozipunguza kwenye maji ya mashine ya kuchanganyia, utapata zege laini, linalomiminika vizuri na kumfurahisha kila fundi, lakini nguvu halina. Ukuta wa nyumba huenda ukavumilia. Nguzo ya daraja la reli, inayotakiwa kubeba treni za mizigo kwa miaka 100, haivumilii. Ndiyo maana siku yangu huanza na kikaango: napima kilo moja ya mchanga, naukausha juu ya moto, napima tena. Kilichopungua ni maji.

Tangu 1906 reli ya Kisangani inaelekea kusini tu, kilomita 125 hadi Ubundu, kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Huku kwetu, njia ya Buta, haijafika. Lakini majirani wanajenga. Treni ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kufika Dodoma 2024, hutoka Dar es Salaam ikipita juu ya mitaa kwenye daraja refu la zege. Kenya nayo ilipitisha reli yake juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa daraja la kilomita 6 hivi, wanyama wakipita chini. Kazi kama hizo zikifika msituni, mvua itakuwa mtihani wa kwanza.

Wa pili ni joto. Simenti ikiganda hutoa joto kwa ndani. Katika msingi wenye unene wa mita 2, moyo wake ukipita nyuzi 70 zege huumia polepole, na nyufa huonekana baada ya miaka. Tena moyo usiizidi ngozi kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi. Tunamwaga usiku, tunatia barafu kwenye maji, kisha tunalifunika zege blanketi ili ngozi isipoe haraka. Wapita njia hushangaa: blanketi, kwenye joto hili?

Na ukishaanza, husimami. Tabaka la chini likiganda kabla ya la juu kufika, hubaki mshono usioshikamana. Simenti yetu huja kwa boti hadi Kisangani, halafu kwa lori. Lori moja kukwama kwenye tope kunatosha kuharibu msingi mzima. Siruhusu kuanza mpaka mfuko wa mwisho uwe ghalani, na jenereta ya akiba iwe imejaribiwa.

Kila tunapomwaga tunaweka pembeni michemraba ya sentimita 15, inalazwa majini, na siku ya 28 inavunjwa kwa mashine kupima nguvu. Nimewahi kushuhudia ikivunjika mapema mno, nguzo yenyewe ikiwa imeshasimama. Vijana waliibomoa kwa nyundo za umeme siku tisa. Daftari la kazi lilionyesha mvua ilikatika alfajiri ya siku ya kumwaga. Sehemu ya unyevu wa mchanga ilikuwa tupu.