Je, Wajua? Uhuru Ilirukia Ngomeni

Je, wajua kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za mbinguni iliondokea kwenye bahari yetu ya pwani? Ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukitoka Chaani, Mombasa, ni safari ya kilomita 150 hivi kwa barabara.

Jina lake ni Uhuru. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba tangu ijitawale, na aliyechagua jina ni Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeongoza mradi wenyewe. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa mradi wa setilaiti katika shirika hilo. Kwenye makaratasi iliandikwa SAS-1, lakini wanafalaki hawaiiti hivyo. Hata leo ukikuta katika vitabu vyao chanzo cha eksirei kinachoitwa 4U 1700-37, hiyo U ni ya Uhuru, na 4 ni toleo la nne la orodha yake.

Je, wajua kwa nini ilibidi kwenda juu? Hewa tunayovuta humeza eksirei zote zitokazo angani. Ni rehema kwetu, maana zingetudhuru, lakini ni pazia kwa mtafiti. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, na wenzake walirusha roketi ndogo New Mexico. Ilikaa juu ya hewa dakika chache tu, ikanasa mnururisho mkali kutoka upande wa kundi la nyota la Nge. Chanzo hicho kikaitwa Sco X-1. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hii iliendelea kwa roketi na maputo, dakika chache hapa, saa chache pale. Uhuru iliwapa zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Kwa nini pwani ya Kenya? Kwanza, dunia yenyewe inasukuma. Wewe uliyeketi Chaani unapelekwa mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa, na roketi inayoruka karibu na Ikweta huanza safari ikiwa na kasi hiyo bure. Rasi ya Canaveral, Florida, haipati hata 1,500. Pili, na kwa darubini hili lina uzito zaidi, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya lile eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembe zenye nguvu za mnururisho hushuka chini na kuzichanganya mashine. Hapo ndipo utafiti unakuwa safi. Aliyeona mapema faida ya kurushia karibu na Ikweta na kuipigania ni Luigi Broglio, mhandisi wa Roma, ambaye kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Je, wajua uzito wa Uhuru? Kilo 141 hivi, haifiki magunia mawili ya mahindi.

Wala haikuwa na kioo kama darubini unayoijua. Ilikuwa na visanduku vya gesi vilivyohisi kila eksirei iliyopita ndani, na yenyewe ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia anga kipande kwa kipande. Kabla yake vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu. Orodha yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Sasa tufike kwenye Cygnus X-1, na hapa nitakaa kidogo. Uhuru ilionyesha kwamba mwanga wa eksirei wa chanzo hiki unapanda na kushuka ndani ya kipande cha sekunde. Kitu kinachoweza kubadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo mno, kwa sababu nuru yenyewe inahitaji muda kukivuka. Ndipo wenye darubini za ardhini wakatafuta pale pale, wakakuta nyota kubwa ya buluu, HDE 226868, ikizungushwa kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Wakapiga hesabu ya uzito wa huyo mwenzake, wakamkuta mzito kupita kiasi chochote ambacho nyota iliyokufa ya aina nyingine ingeweza kustahimili. Likabaki jibu moja: shimo jeusi. Lilikuwa la kwanza kukubalika na wataalamu wengi. Mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa ameweka dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 akisema si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakiri kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa jua letu mara 21, umbali wa miaka ya nuru 7,200. Eksirei ilizozinasa Uhuru, kwa hiyo, zilianza safari kabla Misri haijajenga piramidi hata moja.

Je, wajua kuna nyota inayopiga kila baada ya sekunde 4.8? Ni Cen X-3, na Uhuru ndiyo iliyoigundua tabia hiyo mwaka 1971. Ni nyota ya nyutroni: uzito unaozidi wa jua uliobanwa katika mpira wa kilomita 20 hivi. Inanyonya gesi ya nyota jirani, gesi inaangukia kwenye ncha zake za sumaku na kuwaka, na kwa kuwa inazunguka, tunaona mwako ukija na kupotea. Kila siku 2.1 jirani yake huifunika kabisa.

Galaksi nazo? Uhuru iliona kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama la Coma na la Perseus, yanatoa eksirei kutoka kila pembe, hata mahali pasipo galaksi yoyote. Sababu ni gesi iliyojaa kati ya galaksi hizo, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ni nzito kuliko nyota zote za galaksi za kundi zikijumlishwa. Fikiria vizuri: sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika makundi hayo ilikuwa haijulikani na yeyote, kwa sababu jicho haliwezi kuiona.

Na ndani ya gesi hiyo mna chuma! Ariel 5, setilaiti ya Uingereza iliyorushwa pale pale San Marco tarehe 15 Oktoba 1974, ndiyo iliyoona alama ya chuma katika kundi la Perseus. Chuma hupikwa na nyota, na hutawanywa zinapolipuka. Kreni za Kipevu na makontena yanayopita Chaani mchana na usiku ni chuma cha asili hiyo hiyo.

Ariel 5 hiyo hiyo, Agosti 1975, ilikuta nyota ngeni ambayo kwa wiki kadhaa iling'aa kwa eksirei kuipita hata Sco X-1. Leo tunajua kwamba hilo nalo ni shimo jeusi.

SAS-2, Novemba 1972, nayo kutoka Ngomeni: ilionyesha miali ya gama inayotoka kwenye gesi ya galaksi yetu, pale chembe za kasi zinapoigonga haidrojeni. SAS-3 ikafuata Mei 1975.

Kwa jumla setilaiti tisa ziliondoka jukwaani hapo, kuanzia San Marco 2 ya Aprili 1967 hadi ya mwisho, Machi 1988. Zilibebwa zote na roketi ya Marekani iitwayo Scout. Sielewi kwa nini mtoto wa shule Changamwe amalize darasa bila kusikia habari hii, na ningependa siku moja nione basi la wanafunzi wa Chaani likielekea Ngomeni.

Je, wajua kwamba kazi haikuisha roketi zilipokoma? Madishi ya Malindi yanapokea habari za darubini za angani. BeppoSAX ya Italia, iliyorushwa mwaka 1996, ilikuwa ikimimina data zake hapo. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mabaki ya mwako wa miali ya gama, kitu kilichowasumbua wataalamu kwa karibu miaka 30, na kupitia uchunguzi ulioanzia hapo ikajulikana kwamba miako hiyo hutokea katika galaksi za mbali sana. Zikafuata Swift ya 2004, NuSTAR ya 2012 na IXPE ya 2021. Mwaka 2022 IXPE ilipima umbo la gesi ya moto inayolizunguka shimo jeusi la Cygnus X-1, na kituo chake kikuu cha kupokelea data ni Malindi.

Giacconi, yule wa roketi ya New Mexico, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Unataka kujua vyanzo hivi vilipo angani? Taa za bandari na za uwanja wa ndege zinafifisha anga la Chaani, lakini penye giza inawezekana. Katikati ya Mei, saa mbili usiku, tazama kusini: Cen X-3 iko jirani na Msalaba wa Kusini. Mwishoni mwa Julai, saa hiyo hiyo, Sco X-1 iko karibu na utosi. Septemba geukia kaskazini, kundi la nyota la Cygnus liko juu, na kwa darubini ndogo ya mkononi HDE 226868 inaonekana. Aliye London hawezi kupaona mahali pa Cen X-3 usiku wowote wa mwaka.